Kulima na kutunza chai Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa kila msimu

Haya ni maswali ambayo watu wa Mufindi, Njombe, Rungwe na hata wa kule Usambara wanauliza sana, na wengine wako mjini wanataka kununua shamba bila kujua wanaingia wapi. Nimeyajibu kwa mtazamo wa mtu wa shambani. Utaona narudi sana kwenye kuchuma, na ni makusudi, maana watu wanauliza mbegu na mbolea wakati hela yao inapotelea kwenye kuchuma na kusafirisha.

Shamba langu linafaa chai au nitapoteza hela?

Angalia vitu viwili kabla hujaota hela, yaani mvua na udongo. Mvua iwe angalau milimita 1,200 kwa mwaka na iwe imesambaa, isije yote ndani ya miezi mitatu afu jua linachoma mpaka mwisho wa mwaka. Tukuyu wamebarikiwa hapo, mvua yao haina mchezo. Mufindi na Njombe kuna kiangazi kirefu kuanzia Mei mpaka Novemba hivi, ndo maana mashamba makubwa ya kule yaliweka umwagiliaji na ndo maana kituo cha utafiti cha Ngwazi kimeshughulika sana na mambo ya maji ya chai.

Udongo uwe mwekundu, wa kina kirefu, mita mbili kwenda chini bila kugonga mwamba wala maji, na uwe na tindikali. Chai inataka pH (kipimo cha tindikali, namba ikishuka tindikali inazidi) ya 4.5 mpaka 5.6. Hapa ndo watu wanachanganyikiwa, wanasikia mahindi na maharage yanataka chokaa wanakwenda kumwaga chokaa kwenye chai. USIWEKE CHOKAA. Ardhi inayokataa mazao mengine kwa sababu ya tindikali ndo hiyo chai inaitaka. Dalili ya bure kama huna kipimo ni mimea ya jamii ya kangaga, yaani yale majani ya kama manyoya yanayoota misituni, yakiota yenyewe kwa wingi ni ishara nzuri, na ukiona maua ya haidranjia kwenye bustani za jirani yana rangi ya bluu badala ya pinki, udongo una tindikali. Ila dalili ni dalili tu, peleka udongo ukapimwe, gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kupanda ekari nzima halafu ing'oke.

Mbona kuna sehemu moja kwenye shamba chai inakufa kila nikipanda, pembeni yake ni nzuri?

Waulize wazee hapo palikuwa na nini. Mara tisa kwa kumi utaambiwa palikuwa na nyumba, au jiko, au zizi, au watu walichoma magogo hapo. Majivu yanapandisha pH na chai haiwezi, miche inadumaa, majani yanakuwa ya njano na kingo zinaungua, mwisho inakufa. Utaziba pengo miaka yote na haitakubali. Dawa yake ni kupima kwanza hilo eneo peke yake, halafu unaweka salfa kushusha pH na kusubiri mpaka ishuke ndo upande. Kama ni kipande kidogo mi naona panda majani ya Guatemala hapo, ukate utandaze kwenye chai iliyobaki, maisha yaendelee.

Kwa sababu hiyo hiyo, ukifyeka msitu au mikaratusi usichome moto juu ya shamba la chai. Na miti mikubwa usiikate ghafla. Ibambue gome kuzunguka shina, iache isimame mwaka au miwili ife taratibu, ndo ukate na kung'oa visiki. Mizizi ya mti uliokatwa ukiwa na afya inabaki na chakula kingi na huko ndo kuvu wa Armilaria anapojenga kambi, baadae anahamia kwenye chai.

Nichukue miche aina gani? Kuna mtu ananiuzia ya mbegu bei rahisi sana

Achana na mbegu. Mashamba ya zamani mengi ni ya mbegu, kila kichaka kina tabia yake, huyu anachipua leo, yule wiki ijayo, sasa utachuma saa ngapi? Miche ya vikonyo, yaani vipande vya tawi vilivyokatwa kutoka kwenye kichaka mama kimoja, inafanana yote, inachipua pamoja, unachuma pamoja.

Aina zipo nyingi na kila moja ina pande mbili. Ile ya Kenya inayoitwa 6/8 inatoa chai yenye ladha nzuri sana lakini kwenye ukame inalia. SFS 150 ya kutoka Malawi inavumilia ukame na baridi. Kuna na ya zambarau, TRFK 306, Wakenya waliitoa rasmi 2011, majani yake yana rangi kama mvinyo, watu wanaikimbilia kwa sababu ya stori za bei. Kabla hujapanda ya zambarau jiulize kiwanda chako kinaipokea? Kama hakipokei utaichanganya na ya kijani na utalipwa bei ya kijani. Na usipande aina moja shamba zima, changanya aina mbili tatu lakini kila moja kwenye kipande chake.

Kitalu naweza kuanzisha mwenyewe?

Unaweza na inapunguza gharama sana, uvumilivu tu. Unakata tawi kutoka kwenye vichaka vya mama vilivyoachwa vikue bila kuchumwa, kila kikonyo kiwe na jani moja na kipande cha shina chini yake cha sentimita 3 au 4. Kijiti kiwe si kilaini sana cha juu wala kile chekundu kilichokomaa kuwa mti. Unachomeka kwenye viriba, chini udongo wa juu wenye rutuba kidogo, juu yake sentimita kadhaa za udongo wa chini wa mwekundu usio na mboji. Watu wanashangaa hapa, wanajaza samadi, kikonyo kinaoza. Kikonyo hakina mizizi, hicho chakula atakula na nini?

Halafu unamwagilia, unafunika na nailoni inayopitisha mwanga kama hema, unaziba kingo kwa udongo, juu yake kivuli. Usifungue fungue kila siku kwenda kuangalia! Unyevu ukitoka umeharibu. Chungulia kila baada ya wiki mbili tatu. Mizizi ikishika, kama miezi mitatu hivi au zaidi kama kuna baridi, unaanza kuzoesha taratibu, leo unafungua kidogo, wiki ijayo zaidi. Kwenda shambani ni mwaka mmoja au mwaka na nusu, mche uwe na unene wa penseli.

Ekari moja inaingia miche mingapi?

Ukipanda futi 4 kwa futi 2 na nusu inaingia miche 4,356. Agiza asilimia 10 zaidi kwa ajili ya kuziba mapengo. Kama unafikiria kuja kutumia mashine ya kuchuma, pima mistari vizuri na ifuate kontua. Usipande mistari kuteremka mlima, mvua ya Januari itakupelekea udongo wote bondeni.

Panda mvua zikishashika vizuri, Desemba mpaka Januari kwa Nyanda za Juu, ili mche ukae na mvua ndefu kabla ya kiangazi cha kwanza. Toa kiriba chote. Vibarua wakilipwa kwa idadi ya miche huwa wanapasua chini tu na kuacha nailoni ubavuni, mche unaishi miaka miwili mizizi imejikunja kama uzi kisha unakufa na hutajua kwa nini. Simama hapo mwenyewe siku hiyo.

Naweza kuchanganya na mahindi nikiwa nasubiri?

Mahindi hapana, yanaweka kivuli na yanakula mbolea yote. Maharage mwaka wa kwanza katikati ya mistari sawa, mbali na shina, na usilime kwa jembe kwa kina maana mizizi inayolisha chai iko juu juu. Kwa kivuli na kuzuia upepo weka mgrivea kwenye mipaka.

Kwa nini nisianze kuchuma mche ukifika kiunoni?

Kwa sababu utapata mti badala ya meza, yaani kichaka kifupi kilichosambaa chenye juu bapa pa kuchumia. Miaka miwili ya mwanzo kazi yako ni kutengeneza umbo. Unakata kichwa kwenye sentimita 15 hivi ili matawi ya pembeni yatoke, yakikua unakata tena kwenye 28, halafu kwenye 40 na kidogo, baadae unasawazisha juu kwenye 50 ndo unaanza kuchuma. Wengine wanabana matawi chini kwa vigingi na ndoano badala ya kukata kata, inafanya kazi vizuri zaidi kwa kufunika ardhi mapema ila inataka vibarua wengi. Kwa vyovyote uchumaji wa maana ni mwaka wa tatu, na mavuno kamili baada ya mwaka wa tano kwenda juu. Kama una mkopo wa benki unaotaka marejesho baada ya miezi sita, chai sio zao lako. Lakini ikishashika inakaa. Chai ililetwa na Wajerumani Amani na Kyimbila mwanzoni mwa miaka ya 1900, biashara yenyewe ikaanza miaka ya 1920, na kuna mashamba yaliyopandwa enzi za mkoloni yanayochumwa mpaka leo.

Mzee shikamoo, mimi nachuma kila mwezi mara moja maana ndo napata vibarua, kuna tatizo?

Marahaba. Tatizo lipo na ndo kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Chai haivunwi kama mahindi kwamba imekomaa sasa tukavune. Chipukizi kutoka kulala mpaka kufikia majani mawili na ncha linachukua wiki 6 hivi au zaidi wakati wa joto na mvua, na baridi ya Juni na Julai linaweza kufika miezi mitatu. Ila hayachipui yote siku moja, kwenye kichaka kimoja muda wote kuna yaliyo tayari, ya wiki ijayo na ya wiki inayofuata. Kwa hiyo unapita kila siku 7 mpaka 10 msimu wa mvua, 14 au zaidi wakati wa baridi, unachukua yaliyofika unaacha madogo. Ukipita baada ya mwezi, yaliyokuwa tayari wiki ya kwanza sasa yana majani manne matano, ya chini magumu kama karatasi. Ukichuma yote kiwanda kinakukatia daraja au kinakataa, ukichuma juu tu meza inapanda, matawi magumu yanabaki, na chipukizi linalala. Wenyewe wanaliita banji, lile lenye ncha ndogo iliyofunga isiyokua. Shamba likijaa banji mavuno yanashuka na watu wanakimbilia kuongeza mbolea, kumbe mbolea sio shida.

Sasa kama huna watu wa kuchuma ekari mbili kwa wakati, ligawe shamba vipande. Mfano mzunguko wako ni siku 8, gawa vipande 8, kila siku kipande kimoja na watu wako wawili watatu wa kudumu. Unapata kazi ya kila siku kwa watu wachache badala ya kutafuta jeshi mara moja kwa mwezi. Mashamba makubwa yote yanaendeshwa hivi hivi, msimamizi anaamka na ratiba ya kipande gani kinachumwa leo, kimebakiza siku ngapi, na mvua na joto vikizidi anapunguza siku. Mchumaji mzuri kwa mkono msimu ukiwa mzuri anaweza kutoa kilo 30 mpaka 50 kwa siku, kiangazi hata nusu yake ni ngumu.

Na bei unayolipwa ni ya jani bichi, lakini kiwanda kinawaza jani kavu, kilo 4.5 mbichi hivi zinatoa kilo 1 ya chai. Ukipeleka kilo 450 ni kama umepeleka kilo 100. Majani yenye maji ya mvua yanaonekana mazito mizani ikakatwa, usigombane na karani wa mizani, anakata maji.

Mkasi na mashine je? Si vinaharibu?

Mkono unatoa jani zuri zaidi, hilo halina ubishi. Lakini vibarua wameadimika na mkasi wenye bakuli unaongeza sana kilo kwa mtu. Sharti lake meza iwe bapa kabisa na mzunguko usichelewe, maana mkasi hauchagui. Mashine ya watu wawili inafanya kazi ya watu wengi sana, na hapo ndo panapouma. Kericho, Kenya, Mei 2023 wananchi walichoma mashine za kuchumia wakisema zinawanyima kazi. Mi sitoi hukumu, ila kama unaendesha shamba la watu mia na unataka kuleta mashine kaa nao kwanza.

Majani yangu yanakataliwa kiwandani wanasema yameungua, mbona nimechuma asubuhi?

Yameungua kwenye gunia. Jani likishachumwa bado linapumua, linatoa joto, ukilishindilia kwenye gunia la nailoni ukakalia juu ya pikipiki kilometa 20 linapata joto linakuwa jekundu. Chai nyeusi inatakiwa iwe nyekundu ndani ya kiwanda, baada ya kunyaushwa na kusagwa, kwa muda uliopimwa, sio njiani. Tumia mifuko ya wavu, usishindilie, weka kwenye banda lenye kivuli, usimwage chini kwenye udongo, na lifike kiwandani siku hiyo hiyo, saa chache iwezekanavyo. Kama gari la kiwanda linachelewa kila mara, hiyo ni ajenda ya AMCOS yenu, yaani chama chenu cha ushirika, pigeni kelele wote pamoja, maana mkulima mmoja mmoja hasikilizwi.

Mbolea gani, kiasi gani?

Chai inakula naitrojeni kwa sababu unachuma majani. Inayotumika sana ni NPK 25:5:5 yenye salfa. Mifuko 5 ya kilo 50 kwa ekari kwa mwaka inakupa naitrojeni kilo 62.5, ambayo ni karibu kilo 150 kwa hekta, kiwango cha kawaida kwa chai inayozaa vizuri. Chai changa ipe kidogo kidogo kwanza. Unaweza kugawa mara mbili, Desemba na Februari au Machi, udongo ukiwa na unyevu ila majani yakiwa makavu, la sivyo punje zinakwama juu na kuunguza. Mbolea ya CAN usitumie, ina kalsiamu kama chokaa. Majani machanga yakigeuka njano huku mishipa inabaki kijani, fikiria salfa, ugonjwa huo ulisumbua sana Malawi mpaka ulipogundulika miaka ya 1930 kwamba ni upungufu tu. Majani madogo yaliyojikunja na vishina vifupi, zinki, unapulizia kwenye majani.

Kama hela inatosha mifuko miwili tu na mzunguko wako wa kuchuma ni mwezi mzima, mi ningesema hela hiyo lipa wachumaji kwanza.

Kupogoa ni lini na kwa urefu gani?

Kila miaka mitatu au minne, Juni mpaka Agosti wakati mavuno yako chini. Mara ya kwanza sentimita 45 mpaka 50, kila awamu unapanda 5 juu ya kovu la zamani, ikifika 70 hivi mchumaji mfupi hafikii tena unaishusha chini upya. Panga la kupogolea liwe kali, kovu liwe laini na lenye mteremko. Usipogoe shamba zima mwaka mmoja, utakaa miezi mitatu bila senti. Gawa, theluthi moja kila mwaka.

Matawi yaliyokatwa yaache juu ya vichaka yavikinge na jua, baadae yanaoza na kurudisha potasiamu. Najua kina mama wanahitaji kuni na ni ngumu kukataza, basi angalau majani yabaki, wachukue vijiti vinene. Na sehemu zenye barafu ya Juni Julai, kama mabonde ya Njombe na Mufindi, mabonde pogoa mwisho, maana chipukizi jipya likipigwa na barafu unaanza upya.

Shamba la baba lilitelekezwa miaka mingi, limekuwa msitu, niling'oe?

Usiling'oe. Mashamba mengi yalitelekezwa viwanda vilipofunga au vilipochelewesha malipo, sio aibu ya mkulima. Fyeka kwanza magugu, mpe mbolea kidogo mvua zikianza, msimu wa baridi shusha mpaka sentimita 45 au 50, lakini kila kichaka kiachie tawi moja au mawili yenye majani yaendelee kupumua na kulisha mizizi. Machipukizi mapya yakiwa na nguvu ndo unakata hayo ya mwisho. Mapengo yatakuwa mengi, ziba na miche ya vikonyo iliyokomaa, midogo itafunikwa na wakubwa.

Magonjwa na wadudu?

Huku kwetu tuna bahati, chai nyingi ya Afrika Mashariki inalimwa bila kupuliza dawa za wadudu kabisa. Mbu wa chai, yule Helopeltisi anayeacha madoa meusi kwenye majani machanga, na utitiri mwekundu wakati wa kiangazi, wapo, ila mara nyingi ukichuma kwa wakati unamwondolea chakula. Anayeua ni Armilaria. Kichaka kinanyauka ghafla majani yakiwa bado yameshika, shina karibu na ardhi lina mipasuko ya kwenda juu, ukibandua gome unakuta utando mweupe unanukia uyoga. Ng'oa na mizizi yote mpaka ya unene wa penseli, choma nje ya shamba. Angalia na majirani zake wanaoonekana wazima.

Chai yetu inauzwa wapi, na kwa nini Kenya wanalipwa bonasi sisi hatulipwi?

Kiwanda kinauza kwa mikataba au mnadani. Mnada wa Mombasa ndo mkubwa, na Tanzania tukaanzisha wetu Dar es Salaam 2023. Mkulima mdogo wa Kenya chini ya KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, ana hisa kwenye kampuni ya kiwanda chake, anapokea malipo ya kila mwezi kisha mwisho wa mwaka kinachobaki baada ya mauzo ndo bonasi. Kwetu wengi tunauza jani kwa kiwanda cha mtu na biashara inaishia hapo. Kwa hiyo kabla hujapanda hata mche mmoja nenda kiwandani kaulize wanapokea majani kutoka eneo lako, gari linapita siku gani, wanalipa baada ya siku ngapi, na wakulima waliopo wamelipwa mpaka mwezi gani. Hilo swali la mwisho waulize wakulima wenyewe, sio ofisini.